Maswali ya Wasomaji: Plagi Zilizogoma Kutoka

SWALI: Ndugu mhariri, gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne. Nilipotaka kubadilisha plagi, mbili zilitoka bila taabu, lakini mbili zimenishinda. Ya tatu ilizunguka kidogo, ikaanza kukwaruza, kisha ikakaza kuliko mwanzo. Ya nne haijasogea kabisa. Rafiki yangu mmoja anashauri nichomeke bomba refu kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu zaidi, na mwingine anasema niwashe injini ipate moto kwanza. Nimfuate nani?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wa bomba uache kabisa. Hesi za plagi (mikato ya mzunguko ya kufungia) ni za chuma, ilhali hesi zinazoipokea, katika injini nyingi za sasa, zimechongwa kwenye silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) ya alumini, ambayo ni laini zaidi. Nguvu ikizidi, ama plagi hukatika shingo, ama hung'oka pamoja na hesi za hedi. Plagi ni kitu cha kutupwa baada ya matumizi, lakini hedi si ya kutupwa, na kila uamuzi utakaoufanya katika kazi hii uanzie hapo.

Dalili uliyoieleza kwa ile ya tatu inaonyesha chanzo chake. Plagi inayolegea kisha ikakaza njiani aghalabu ina masizi magumu kwenye hesi za chini, zile zilizo karibu na chumba cha mwako, na unapoifungua masizi hayo huburutwa na kuingia katika hesi safi za hedi. Ukiendelea kulazimisha, alumini itakwaruzika na kung'ang'ania chuma. Kwa hiyo, kila inapoanza kukaza, irudishe ndani kidogo, weka matone machache ya mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha fungua tena mpaka ufike mbele kidogo ya pale ulipokwama. Nenda na kurudi hivyo hivyo, hata kama plagi moja itakuchukua asubuhi nzima.

Ile ya nne inahitaji utaratibu mwingine. Kwanza puliza uchafu wote ulio kwenye shimo la plagi kwa hewa ya kampresa, ukiwa umevaa miwani, maana mchanga uliobaki pale utaanguka ndani ya silinda plagi itakapotoka. Kisha fahamu jambo ambalo wengi hawalizingatii: mafuta yanayomiminwa juu ya plagi iliyokazwa barabara hayafiki kwenye hesi kwa urahisi, kwa sababu washa ya plagi (pete yake ya kuzibia), au kitako chake cha mshazari, imeziba njia. Yaache mafuta usiku kucha, lakini usitarajie makubwa mpaka plagi yenyewe isogee. Tumia spana ya plagi yenye pembe sita inayokaa sawasawa (kwa kawaida ni ya milimita 16 au 21, na baadhi ya injini mpya hutumia 14), ishike wima bila kuiinamisha, na uivute kwa mishtuko mifupi badala ya kuining'inia kwa uzito wa mwili. Ikisogea hata thumuni ya mzunguko, simama, weka mafuta, na uyape muda wa kupenya.

Kuhusu moto, rafiki yako wa pili ana hoja. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa ongezeko lilelile la joto, kwa hiyo tundu hupanuka kuliko plagi. Hata hivyo, alumini yenye moto hulainika na kukwaruzika upesi, na ndiyo maana maelekezo mengi ya watengenezaji hutaka plagi zifunguliwe injini ikiwa imepoa. Mimi ningeanza na injini baridi, na iwapo mafuta na subira vimeshindwa, ningeipasha ifikie uvuguvugu tu, kiasi cha mkono kuweza kutulia juu ya hedi. Usisahau kwamba huwezi kuiwasha katika hali iliyo nayo sasa: rudisha zile mbili ulizotoa, kaza na hiyo iliyolegea, na ufute mafuta yaliyomwagika, kwa kuwa yanawaka.

SWALI: Plagi yangu imekatika, kauri na sehemu ya juu zimetoka, na kipande cha chuma chenye hesi kimebaki ndani. Je, lazima hedi ishushwe?

JIBU: Si lazima, ila usizungushe injini hata mara moja. Nyonya vipande vyote vya kauri kwa mashine ya kufyonza vumbi yenye mpira mwembamba, kwani kauri ni ngumu na huweza kuchora ukuta wa silinda. Kama pembe sita za plagi bado zipo, spana ndefu isiyo na mpira ndani yaweza kukitoa kipande hicho. Kama hazipo, hutumika kifaa cha kung'olea boliti zilizokatika, na hapo mpe kazi fundi mwenye uzoefu nacho. Hesi zikiharibika, huchongwa upya na kuwekewa hesi za bandia za chuma, ambazo zikifungwa vizuri hudumu.

SWALI: Je, nipake grisi kwenye plagi mpya ili zisigome tena?

JIBU: Soma maelekezo ya mtengenezaji. Plagi nyingi za sasa zimepakwa madini ya kuzuia kutu, na kampuni kama NGK hazishauri kuongeza kilainishi, kwa sababu hesi zinazoteleza humfanya mtu akaze kupita kiasi bila kujua. Anza kwa vidole hadi plagi iguse kitako. Plagi mpya yenye washa na hesi za milimita 14 huongezwa nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko, au hukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 25 hadi 30 kwenye hedi ya alumini. Yenye kitako cha mshazari huongezwa 1/16 ya mzunguko tu.