Gramu kumi za mzee wa mizani

Kila msimu wa korosho ukielekea mwisho, vijana wawili watatu wanaotaka kujifunza kuandika programu za kompyuta hunifuata hapa Mtwara mjini ninapofanyia kazi, na swali huwa lile lile: "Kaka, nianze na lugha gani?" Mmoja kaambiwa Python ndiyo yenye hela. Mwingine kasikia PHP imekufa. PHP hiyo ipo tangu 1995, kila mwaka inachimbiwa kaburi na kila mwaka watu wanalipia ada za watoto kwa kuiandika.

Siwacheki, maana nami nilipita huko. Miaka yangu miwili ya mwanzo nilibadilisha lugha kama mtu anayejaribu viatu vya mtumba: wiki tatu Java, mwezi JavaScript, kisha nikasikia kuna kitu kinaitwa Go. Miaka ikaisha naweza kuandika "Habari dunia" kwa lugha sita, na sina programu hata moja niliyoimaliza.

Siku hizi jibu langu ni fupi. Shika lugha ambayo mtu wa karibu yako anaijua, ili ukikwama usiku uwe na mlango wa kugonga. Kama mtu huyo hayupo, shika Python. Inasomeka kirahisi, na huna haja ya kusubiri laptopu: kwenye simu ya Android unaweka Termux, programu ya kuandikia amri, unaweka Python ndani yake, unaanza. Umalize kwanza kitu kimoja kwa lugha hiyo kabla hujachungulia nyingine.

Maumivu yenyewe yako kwingine. Yangu niliyapata ghalani.

Chama kimoja cha msingi cha ushirika, kule juu kwenye uwanda wa Makonde, kiliniomba programu ndogo ya kupokelea korosho. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, karani anaingiza kilo, printa inatoa risiti. Kabla ya hapo kila kitu kilikaa kwenye daftari la mzee wa mizani. Nilifunga programu yangu, nikaonyesha inavyofanya kazi, nikarudi mjini kifua mbele. Siku ya nne simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine yako inakula korosho."

"Inakulaje tena, mzee?"

"Mimi kwenye daftari nimeandika nne nukta tatu tano. Risiti yako inasema nne nukta tatu nne."

Yalikuwa mabaki ya mkulima mmoja, yaliyopimwa kwenye mizani ndogo. Naona aibu kusema nilichojibu: nilimwambia huenda kakosea kuandika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema daftari analo tangu sijazaliwa. Kesho yake nikapanda gari.

Programu yangu ilikuwa inazidisha kilo kwa 100 ili kuondoa nukta. Ukitaka kuona nilichokikuta, fungua Python uandike 4.35 * 100. Haitakupa 435. Itakupa 434.99999999999994. Kompyuta inatunza namba kwa mbili-mbili, sifuri na moja, na kama sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi moja kwa desimali, yaani 0.333 na kuendelea, ndivyo nayo isivyoweza kuimaliza 4.35. Inakata mahali fulani na kuweka namba iliyo jirani kabisa. Tofauti hiyo ni ndogo mno, wala isingemuumiza mtu, ila mimi nikaongeza langu: nilitumia int(), amri ya kugeuza namba iwe kamili, nikidhani inakadiria kwenda namba iliyo karibu. Haikadirii. Inakata kila kilicho nyuma ya nukta. 434.99 na tisa zake zote ikawa 434, na gramu kumi zikapotea.

Kilo ikiwa shilingi 4,000, gramu kumi ni shilingi 40. Utasema shilingi 40 ni nini. Kamwambie hivyo mkulima aliyenunua salfa kwa mkopo, akapulizia mikorosho, akaokota na kuanika, na sasa anaangalia makato kwenye karatasi yake.

Sasa angalia jambo hili. Kama ningeandika programu ile kwa JavaScript, jibu la kuzidisha lingekuwa lile lile hadi tarakimu ya mwisho. Kwa Java, vilevile. Zote zinafuata kanuni moja ya namba za desimali, IEEE 754, ya tangu 1985. Ile miaka miwili niliyohangaika na lugha haikunifundisha hili, kwa sababu hakuna lugha niliyokaa nayo muda wa kutosha hata iniumize.

Dawa ilikuwa kutunza uzito kwa gramu, namba kamili, na pesa vilevile kwa namba kamili. Kilo anazoingiza karani nazipokea kama maandishi, ndipo nazigeuza kwa Decimal("4.35"), aina ya namba ya Python inayotunza desimali kama ilivyoandikwa. Zile alama za nukuu usizisahau. Ukiandika Decimal(4.35) bila hizo, namba inakuwa imeshaharibika kabla Decimal haijaigusa.

Mengine niliyoyakuta mwaka huo nayataja harakaharaka. Namba za simu nilizihifadhi kama namba, sifuri ya mbele ikaruka, kila 07 ikawa 7. Kitu usichokijumlisha wala kukizidisha kiweke kama maandishi. Kisha saa: karani alikuwa anaandika 2:15, maana kwake ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Kompyuta ikasoma saa nane na robo usiku. Ripoti ikaonyesha ghala letu linapokea korosho watu wamelala, na mkaguzi akaja na maswali ambayo sikuyafurahia. Tangu hapo simwachii mtu aandike saa kwa mkono. Mashine inajaza yenyewe, na kwenye skrini inaonyesha kwa maneno: asubuhi, mchana, jioni.

Kwenye zana nitakuwa mkali kwa moja tu, nayo ni Git, programu inayotunza kila hatua ya kazi yako ili uweze kuirudia. Zamani folda zangu ziliitwa mwisho, mwisho_kabisa na mwisho_kabisa_2, na siku umeme ulipokatika katikati ya kuhifadhi sikujua ipi ndiyo iliyokuwa inafanya kazi kwenye chama. Linus Torvalds aliitengeneza Git mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, na inaishi kwenye mashine yako mwenyewe. Wengi wanaichanganya na GitHub, tovuti ya kuwekea kazi hiyo mtandaoni, wakidhani bila bando haifanyi kazi. Inafanya. Unakomiti, yaani unahifadhi hatua, gizani, unapeleka mtandaoni siku bando likipatikana, na nakala nyingine unaiweka kwenye flashi. Maelezo ya kila komiti andika kwa Kiswahili chako, sentensi nzima. "Nimerekebisha" haitakusaidia chochote baada ya miezi sita.

Pakua pia mwongozo wa lugha yako. Wa Python unatolewa bure, unauweka kwenye folda. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na mtandao ukalegea nchi nzima, mimi nilikuwa na huo mwongozo na kazi iliendelea.

Kosa likitokea, usipige picha skrini nzima na kuitupa kwenye grupu la WhatsApp. Kwa Python, anza kusoma mstari wa mwisho. Huo ndio unaotaja kosa lenyewe, na juu yake kuna jina la faili na namba ya mstari. Nusu ya maswali ninayoletewa yamejibiwa pale.

Kuhusu akili bandia inayokuandikia msimbo (ukisema kodi, mama atadhani umeajiriwa TRA): ninaitumia, ila kwa kitu ninachoweza kukikagua. Nimewahi kupewa jina la amri ambayo haipo kabisa, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika wote. Anayeanza akinakili tu asichokielewa, kwangu ni kangomba, ule ulanguzi wa korosho: umepata kitu kidogo leo, na mavuno umeshayauza yakiwa bado mtini.

Mzee yule tuliishapatana. Msimu uliofuata niliongeza kitufe kimoja: jioni programu inachapa orodha ya siku nzima, jina la mkulima, namba ya risiti, kilo. Anaiweka kando ya daftari lake, anavaa miwani, anatia tiki kwa kalamu nyekundu mstari baada ya mstari. Niliwahi kumwambia daftari sasa tunaweza kuliacha. Akaniuliza, "Ile nne nukta tatu tano aliiona nani?" Sijaomba tena.