Kichwa kila wiki ya test: wadogo zangu, siyo malaria kila siku

Wadogo zangu mnaosoma Mkwawa, RUCU, MUST, TEKU na vyuo vingine vya huku Nyanda za Juu, leo naomba tuongee kuhusu kuumwa kichwa. Nasema kile kinachoanza jioni ukishatoka kimbwetani, yani kwenye zile meza za kusomea nje, kinabana pande zote mbili kama umevaa kofia ya mtoto, shingo imekaza, mabega mazito, ila hutapiki na ukitembea hakizidi. Hicho ndo kichwa cha mkazo, kinawapata watu wengi kuliko aina nyingine yoyote na stress ndo rafiki yake mkubwa. Kipandauso ni kingine, mara nyingi kinagonga upande mmoja, kinaleta kichefuchefu, mwanga unakukera, na wengine kinawapata stress ikishaisha, yani umemaliza UE, mitihani ya mwisho wa semista, unafunga begi uende nyumbani ndo kinaanza.

Mimi mwaka wa pili pale Iringa kilinisumbua sana kipindi cha test. Nikaenda kupima malaria, hamna. Daktari akanibonyeza nyuma ya shingo na hapa juu ya bega, nikaruka, misuli imekaza kama ubao, halafu akaanza kuniuliza unalala saa ngapi, leo umekula nini, bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) limeingia? Hilo swali la bumu lilinigusa kweli maana ndo ukweli wa wanafunzi wengi, hela ikichelewa unapiga chai kavu mpaka jioni, usiku unakesha na desa, yani notsi za kusomea, kichwani hofu ya kudisco, kufukuzwa chuo kwa kufeli, sasa mwili ukiwa kwenye hofu misuli inajikaza bila wewe kujua, usingizi unakatika, njaa inaongezea, na ubongo wenyewe unakuwa mwepesi kusikia maumivu. Kwa hiyo mtu akikwambia ni stress tu, hiyo "tu" usiikubali, maumivu ni ya kweli kabisa.

Ninachoomba mnisikilize zaidi ni vidonge. Unakuta mtu ana Panadol kwenye begi kama pipi, au kila jioni dukani anaomba diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu. Jamani, hizo dawa ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, na ikaenda hivyo zaidi ya miezi mitatu, zenyewe zinaanza kuleta kichwa, na zile za mchanganyiko zenye kafeini ni siku 10 tu. Unameza, kinatulia, kinarudi, unameza tena, mzunguko hauishi. Panadol za miligramu 500 mtu mzima asizidishe 8 ndani ya saa 24, na diklofenaki kwenye tumbo tupu inaweza kukuchimba vidonda vya tumbo.

Kilichonisaidia mimi hakikuwa cha gharama. Uji asubuhi hata kama hela imebana, huku kwetu ndizi na parachichi bei inashikika. Maji, maana kwenye baridi hii kiu husikii kabisa. Nikikaa na desa nusu saa nainuka, nazungusha mabega, usiku taulo ya maji moto shingoni, hiyo taulo we acha tu. Jioni tulikuwa tunapanda Gangilonga, lile jiwe kubwa la pale Iringa, na roommate, simu tunaacha geto. Energy drink za kukeshea nazo nilipunguza taratibu, ukiacha ghafla kichwa kinauma siku kadhaa kwa kukosa kafeini. Na suala la ada na sup, yani mitihani ya kurudia, nilimpelekea mshauri wa wanafunzi, deni halikufutika ila usingizi ulirudi.

Halafu mwezi wa sita na wa saba, nyie wa Mbeya hasa, mnaingiza jiko la mkaa ndani na madirisha mmefunga. Mkiamka wote chumbani vichwa vinauma na kizunguzungu, hiyo siyo stress, ni kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi na inaua. Tokeni nje hapohapo, halafu hospitali.

Hospitali pia usisubiri kikija ghafla kikali ambacho hujawahi kukisikia, kikiwa na homa na shingo haikunji, ukiona mauzauza au upande mmoja wa mwili unalegea, ulimi unakuwa mzito, au umegonga kichwa kwenye bodaboda. Hapo mwamshe roommate akupeleke usiku huohuo, test mtaongea na lecturer baadae.