Raba ya kupulizia kwenye rimu na boneti: inabanduka kweli?

Maswali ya gari mwezi huu karibu yote yamekuja na jambo moja, ile raba ya kupulizia ya makopo (Plasti Dip, unaipuliza kama rangi, ikikauka inakua ngozi ya mpira unayoweza kuibandua), nadhani ni kwa sababu vijana wengi Mtwara wameshaona rimu nyeusi za wenzao wakazipenda. Tuanze.

SWALI: Fundi shikamoo. Nipo Shangani, nina IST ya silva, nataka rimu na boneti ziwe nyeusi ile isiyong'aa, nitumie raba ya kopo ili siku nikiuza gari nibandue irudi kama ilivyokua. Sasa jirani yangu alipuliza rimu zake, haijapita miezi mingi inatoka vipande vipande na akijaribu kubandua inakatika katika, anakaa anakwangua kwa kucha. Aliuziwa feki au ndo ilivyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Feki zipo, siwezi kukataa, ila kwa ulivyoeleza mi naona kosa ni la mikono. Raba hii inabanduka ikiwa NENE. Watu wengi wanapuliza mikono miwili, yaani tabaka mbili, wakiona imeshakua nyeusi wanaacha, kopo lililobaki wanaweka kabatini. Rangi ya kawaida ukiipiga nyembamba haina shida, lakini hii ukiipiga nyembamba haina nguvu ya kujishika yenyewe, ukivuta inakatika na nyingine inabaki palepale kwenye rimu. Piga mikono 5 au 6. Wa kwanza uwe mwepesi sana, rimu bado unaiona chini yake kama nusu hivi, usihangaike kuifunika, kazi yake ni kushika tu. Kuanzia wa pili ndo unalowesha, kopo lako liwe kama sentimita 15 kutoka kwenye rimu na mkono utembee usisimame, unasubiri dakika 20 hivi ndo unaenda mkono mwingine.

Huyo jirani mwambie asikwangue tena atachuna rimu bure. Apulizie mikono mingine minene juu ya hiyohiyo ya zamani, aiache ikauke kabisa, kesho yake aanzie pembeni avute taratibu mchana kukiwa na joto, mpya itashikana na ya zamani zitoke pamoja. Vikibaki vidoadoa ni WD-40 na kitambaa.

Kabla hujapuliza chochote, osha, na kuosha kwenyewe sio kumwagia maji. Rimu ina vumbi jeusi la breki limegandia mpaka ndani, na gari zikitoka kaoshi matairi yamepakwa mafuta ya kung'arisha, hayo yakigusa rimu raba haishiki. Sabuni ya vyombo, brashi, suuza, kausha, rudia tena. Kwa sisi wa pwani kuna na chumvi, gari ikilala karibu na bahari asubuhi ukipitisha kidole unaisikia, kwahiyo hata kama uliosha jana leo osha tena. Ukiweza toa tairi kabisa, ukishindwa chomeka kadi za karata kati ya tairi na rimu zizunguke zote, na diski ya breki ifunike kwa gazeti, usiiache ipate raba hata kidogo.

Saa ya kupuliza nayo. Alfajiri hapana, umande na unyevu wa huku unafanya iwe na ukungu mweupe hasa ukiweka juu yake ile raba ya kung'aa. Jua la saa sita hapana, bati linachoma na raba inakauka hewani kabla haijafika inakua chengachenga. Ngoja umande ukauke, kaa kivulini, nyuma ya ukuta maana kusi ikivuma inakuletea mchanga wote. Ila usijifungie chumbani, harufu yake ni ya kemikali za kuyeyushia na inawaka moto, vaa barakoa, sigara na jiko vikae mbali. Na selotepu ya karatasi itoe mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi, ukisubiri ikauke itavuta na raba yako.

Boneti sasa, hapo nakuomba usitumie makopo. Sehemu pana kopo linaacha mistari na huwezi kuifuta. Hii raba inauzwa na kwa galoni, inapigwa kwa kompresa na bunduki, mpe fundi rangi anaejua. Na muulize aliekuuzia gari kama boneti imewahi kupigwa rangi mtaani, kwa sababu rangi ya kiwandani inavumilia kubanduliwa lakini ya kupigiwa chini ya mwembe bila maandalizi inaweza kuondoka na raba mpaka ukaona bati.

SWALI: Fundi, mimi ni dada wa Mikindani. Noah yangu imepulizwa yote, imependeza, ila pale kwenye mdomo wa tanki imeyeyuka inanata.

JIBU: Ni petroli dada, inayeyusha hii raba. Mwambie kijana wa sheli asitoe bomba mpaka limalize kudondosha, na ikidondoka usifute, ukifuta unasambaza, mwagia maji tu. Hapo palipoharibika acha pakauke siku nzima ndo mpulizie tena juu. Na kaoshi waambie presha wasiisogeze kwenye kingo.

SWALI: Niko Lindi, milango yangu chini imeanza kutu. Nikifunika na raba si itazuia?

JIBU: Hapana, na hili nalisema kwa uchungu maana nimeshaona gari nzuri zinaliwa hivyohivyo. Kutu ambayo imeshaanza inabaki chini ya raba inaendelea kula, maji ya chumvi yakipenya kwenye ufa mdogo hayakauki, wewe kwa nje unaona pazuri mpaka siku ukibandua unakuta tundu. Piga msasa mpaka bati safi, praima, rangi, iache ikomae wiki kadhaa, hapo raba ukitaka weka. Ilitengenezwa Marekani na watu wa Plasti Dip kwa ajili ya kuchovya mishikio ya koleo na vifaa, ni kinga kwa kitu kizima, haiponyi kilichooza.

SWALI: Nikibadili gari nzima kutoka nyeupe kwenda nyeusi trafiki atanisumbua?

JIBU: Kadi ya gari imeandikwa rangi ya gari. Rimu, grili na nembo hazina neno, lakini bodi nzima nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) ukabadilishe taarifa za gari kabla hujaingia barabarani nayo. Na ukija kubandua, ambapo kwa kawaida ni baada ya miaka kama 3, utarudi tena TRA.