Uliza Fundi: Ufunguo umebaki ndani ya motokari

Mwezi uliopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu funguo, nikadhani neno limeisha. Kumbe nilichokoza nyuki. Barua zimejaa kwenye meza yangu hapa garaji, nyingine zina alama za vidole vya grisi kwa sababu vijana wangu wanazisoma kabla yangu. Nimechagua nne. Kama yako haimo, soma ya mwenzako; matatizo ya motokari yanafanana kama watoto wa tumbo moja.

*Papa Fundi, jambo. Mimi ni mama wa Ruashi, hapa Lubumbashi, nauza vitambaa. Jumamosi moja nilisimamisha RAV4 yangu karibu na soko la mtaa wetu wa Kenya. Kwa ajili ya wezi nimezoea kubonyeza kitufe cha kufunga milango yote kabla sijashuka. Nikabonyeza, nikashuka, nikasukuma mlango kwa kiuno maana mikono ilikuwa na mizigo. Ufunguo ukabaki juu ya kiti, naona unaniangalia. Shemeji akasema: piga simu nyumbani, mtoto aweke telekomande ya duble, ule ufunguo wa pili, kwenye simu na abonyeze, wewe weka simu yako kwenye mlango. Tulifanya hivyo nusu saa, watu wamejaa kama kwenye matanga. Mwishowe kijana mmoja akavunja kale kakioo kadogo ka nyuma, akasema hako ndiko ka bei rahisi. Mpaka leo nimebandika plastiki. Nilikosea wapi?*

Mama, jambo. Pole kwa kioo. Wewe umekosea mahali pawili, na shemeji mahali pamoja. Tuanze na yeye kwa sababu hayupo hapa kujitetea.

Telekomande haifungui mlango kwa sauti. Inatuma mawimbi ya redio, na gari lina sikio lake la kuyapokea. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani hutumia megahezi 315, ya Ulaya mara nyingi 433. Simu yako inachukua sauti peke yake na kuipeleka. Ile "tik" uliyoisikia ni kidole cha mtoto juu ya plastiki, basi. Mngeweza kukaa pale mpaka Noeli. Na yule atakayekuja kesho na mpira wa tenisi uliotobolewa, eti aupulize kwenye tundu la ufunguo hewa isukume kufuli, mwambie tundu hilo halina njia ya kupitisha hewa kwenda huko. Nilijaribu mwenyewe, zamani, wakati bado nina nywele.

Sasa wewe. Mama, ulikuwa na duble nyumbani! Simu ileile uliyoweka kwenye mlango ingemwambia mtu apande manseba, pikipiki ya teksi, na kukuletea. Kutoka Ruashi mpaka Kenya si safari ya kwenda mji wa Likasi. Sharti langu ni moja tu: usimpe mwendesha pikipiki ufunguo peke yake na kumwelekeza gari lilipo. Mtu wako apande nyuma, ufunguo mfukoni mwake.

La pili ni hiyo desturi ya kufunga kwa kitufe cha ndani. Ukiwa barabarani, kwenye msongamano, bonyeza, unafanya vizuri. Lakini ukitaka kushuka, fungua yote, shuka na ufunguo mkononi, na mlango uufunge ukiwa umesimama nje. Mimi mlango wangu haujui njia nyingine tangu nilipoacha teksi katika mvua karibu na Poste, mota inanguruma, abiria amekaa nyuma, na yeye hajui kufungua mlango. Hiyo nitaisimulia siku nyingine.

Kuhusu kakioo kadogo: hiyo ni hadithi ya mjini. Kioo kikubwa cha mlango kinapanda na kushuka kwenye reli yake, na kila gari bovu lililolala kwenye uwanja wa vipuri linacho. Kakioo ka pembeni kamegandishwa kwa gundi pamoja na mpira wake. Anayekang'oa kwenye gari la zamani mara nyingi anakapasua mkononi. Ndiyo sababu hukapati. Siku ukilazimika kuvunja, vunja kikubwa.

Lakini hukulazimika. Hapakuwa na mtu ndani. Fundi mwenye akili angekuja na kimfuko cha hewa kinachofanana na kile daktari anachokufunga mkononi akipima presha. Anakiingiza kwenye kona ya juu ya mlango, ameweka kitambaa ili asikwaruze rangi, anakipuliza polepole mpaka mlango unaachia nafasi ya kidole. Halafu anapitisha fimbo ndefu ya chuma iliyovikwa mpira kwenye ncha na kubonyeza kitufe kilekile ulichobonyeza wewe. Akiwa na mkono mzuri, chai haipoi.

Ukimwona mtu anakuja na bati jembamba anataka kulishusha kati ya kioo na mlango, mzuie. Kwenye Corolla za zamani tulifanya hivyo, na mimi nilikuwa bingwa. Kwenye magari ya siku hizi ndani ya mlango kuna nyaya, na mengine yana kihisio cha ile mifuko ya hewa ya ajali. Utafunguliwa mlango na utarudi kwangu wiki ijayo taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi.

Wenye magari ya zamani ambayo kufuli yake ni kile kijiti kinachosimama juu ya mlango, nyinyi mna bahati. Chukua ule utepe mgumu wa plastiki unaofunga marobota ya mitumba, ukunje katikati, uuingize kwa juu kwenye mpira wa mlango, uuachie utengeneze kitanzi, ukikamate kijiti na kuvuta juu. Kamba ya kiatu yenye kitanzi nayo inafanya kazi, ila inataka subira. Na patana bei na fundi kabla hajafungua mfuko wake. Mlango ukishafunguka mbele yako, bei yake ndiyo bei.

*Papa, mwezi wa kumi, saa saba ya mchana, mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu alijifungia ndani ya gari, ufunguo ameushika yeye. Mume wangu alikataa tuvunje kioo, tukasubiri fundi dakika 40. Mtoto alitoka amelowa jasho lakini mzima. Mpaka leo tunabishana. Nani ana haki? Mama wa Kampemba.*

Wewe, mama. Na baba asome hapa mwenyewe.

Mwezi wa kumi Lubumbashi inachoma kuliko mwezi wowote, kivulini tu unapita digrii 30. Ndani ya gari lililofungwa juani joto huongezeka kwa digrii 20 hivi katika saa moja, na sehemu kubwa inaongezeka ndani ya nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi kitu cha maana. Mwili wa mtoto mdogo unapanda joto haraka kuliko wa mtu mzima, mara 3 hadi 5. Hesabu dakika 40 zako.

Zunguka gari mara moja, jaribu kila mlango na kofre (buti la nyuma) pia. Kama mtoto ana umri wa kuelewa, mwonyeshe kwa kidole abonyeze wapi, umfanyie mchezo. Wakati huo mwingine apige simu kuomba msaada na mwingine asimame na kitenge kuzuia jua. Gari likiwa juani na mtoto hawezi kufungua, usingoje fundi anayesema "niko njiani". Sisi mafundi tukisema tuko njiani, mara nyingi bado tunatafuta viatu.

Usipige kioo cha mbele. Kile ni vioo viwili vimebanwa na plastiki katikati, kitapasuka na kubaki palepale. Chagua kioo cha ubavuni kilicho mbali na mtoto, upige kwenye kona karibu na fremu, si katikati, kwa kitu kigumu chenye ncha. Funga mkono kwa kitambaa na ugeuze uso. Kitamwagika chembe kama mahindi. Mtoto mtoe, mpeleke kivulini, mvue nguo, mlowanishe maji. Akiwa amelegea, ana usingizi wa ajabu au anatapika, hospitali moja kwa moja, na maneno ya kioo myazungumze jioni.

*Yaya Fundi, kaka yangu, gari langu halina ufunguo wa kuzungusha, ni kidude cha mfukoni tu na kitufe cha kuwasha. Jana usiku kidude kilikufa, nikalala kwa rafiki. Kijana wa mtaa wa Golf.*

Umelala bure, mdogo wangu, ila natumaini walikupikia vizuri. Angalia ubavu wa kidude, kuna kitufe kidogo sana. Kisukume na uvute: utatoka ufunguo wa chuma. Tundu lake liko kwenye mlango wa dereva. Kwenye magari mengine limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki kwenye mkono wa mlango. King'ora kinaweza kulia ukifungua hivyo. Usikimbie, ni gari lako. Ingia, kanyaga breki, gusisha kidude chenyewe kwenye kitufe cha kuwasha, halafu bonyeza. Hata betri yake ikiwa imekufa, magari mengi yatakitambua kwa karibu hivyo. Kesho badilisha betri; nyingi ni ile bapa iliyoandikwa CR2032, inauzwa kwa watengeneza saa.

*Papa Fundi, mimi ni mwalimu Kipushi. Nilinunua Toyota iliyoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, ilikuja na ufunguo mmoja. Miaka yote natumia telekomande. Juzi betri ya gari ilikufa, ufunguo ukakataa kuzunguka kwenye mlango. Jirani akaniambia nitie mafuta ya mawese. Nimetia. Sasa ufunguo hauingii kabisa.*

Mwalimu! Mafuta ya mawese ni ya kupikia sombe, majani ya muhogo.

Kufuli isiyotumika miaka, kwa vumbi hili letu jekundu, inashikana. Mafuta yoyote mazito yanalifanya vumbi kuwa udongo wa kufinyanga, na wewe umefinyanga. Hiyo ya mlango wako lazima ifunguliwe na ioshwe kwa petroli, hakuna njia ya mkato. Lakini baada ya kuoshwa, dawa unayo kwenye sanduku la darasani: penseli. Sugua risasi ya penseli nyeusi kwenye meno ya ufunguo mpaka yang'ae, ingiza, zungusha, toa, rudia. Ule unga unateleza bila kushika vumbi. Na mara moja kwa mwezi acha telekomande mfukoni, fungua kwa mkono, kufuli isisahau kazi yake.

Kilichonitia wasiwasi katika barua yako ni "ufunguo mmoja". Karibu kila gari la mitumba linalonijia ni hivyo, na mwenyewe hajali kwa sababu linawaka. Kichwani mwa ufunguo, kama gari lako ni la aina hiyo, kuna chipu ndogo ambayo gari linaiuliza kabla ya kukubali kuwaka. Ukichonga chuma tu kule sokoni, mlango utafunguka na mota itakataa. Kutoa duble wakati ufunguo wa kwanza upo ni kazi ya kuinakili hiyo chipu. Ukishaupoteza, tunaanza kuongea na kompyuta ya gari, na hapo bei inabadilika sura.

Tafuta pia kwenye karatasi zilizokuja na gari kama kuna kibati kidogo chenye namba ya tarakimu tano. Hiyo ni namba ya ufunguo wako; kwayo chuma kinaweza kuchongwa hata bila kuona ufunguo wenyewe, basi usikiache ndani ya gari. Na usiupige ufunguo picha ukaweka kwenye mtandao kwa furaha ya gari jipya. Meno yanaonekana.

Njoo Jumamosi na ufunguo na karte roze, ile kadi ya usajili wa gari. Bila karte roze sichongi duble ya mtu, hata awe mwalimu wa watoto wangu. Ila fika mapema, mashine yangu inategemea umeme, na wewe unajua umeme wetu unaondoka saa ngapi.