Usichague babu kabla hujawazika wengine: namna nilivyompata fundi viatu wa London

Dada, nimekuelewa. Mumeo Mwingereza anajua mawili tu: babu wa babu yake alikuwa seremala London enzi za Malkia Victoria, na jina lake ni la kawaida kama Juma Hamisi kwetu. Umefungua sensa ya 1871 ukakuta wanne wa jina hilo, wawili wakiwa maseremala, na unauliza umchukue yupi.

Usimchukue yeyote kwa sasa. Mimi niliwahi kuchukua mapema, nikapoteza miezi mitano.

Wangu alikuwa fundi viatu wa Bethnal Green, mashariki mwa London. Mama mkwe wangu ni kilembwe wake. Nilimkuta fundi wa jina hilo kwenye sensa ya 1851, ana mke na watoto wawili. Ya 1861 yupo, mtaa wa jirani, watoto wanne. Ya 1871 yupo tena, fundi viatu yule yule, ila mke ana jina jingine. Nikajisemea, aa, alifiwa akaoa tena, mbona wengi walikuwa hivyo. Nikachora ukoo mzima, nikauchapisha kwenye karatasi kubwa, nikamkabidhi mama mkwe siku yake ya kuzaliwa. Akauweka ukutani, sebuleni.

Baadaye nikaingia kwenye madaftari ya maziko, nia yangu ikiwa kumtafuta yule mke wa kwanza tu. Nikamkuta mume. Alizikwa miezi kadhaa kabla ya sensa ya 1871, anuani ni ile ile ya 1861, umri unalingana. Sasa maiti itahesabiwaje na karani wa sensa? Kumbe nilikuwa nimewaunga watu wawili wakawa mmoja. Ile karatasi nilikwenda kuishusha ukutani mwenyewe, na wifi zake mke wangu wanaangalia.

Tangu siku hiyo nayatumia makaburi kupunguza wagombea. Wote huwa tunatafuta maziko ya mtu wetu. Watafutie maziko wale wengine kwanza. Kila unayemkuta amezikwa kabla ya sensa fulani, mwondoe kwenye sensa zote zinazofuata. Wanne watapungua wenyewe.

Sensa nayo ujue ilivyo. Kama yetu ya Tanzania ya Agosti 2022, walihesabu waliolala kwenye kaya usiku mmoja. Ya 1851, kwa mfano, ni usiku wa Machi 30. Aliyelala kwa dada yake usiku huo ameandikwa kwa dada yake. Pia unachokisoma si karatasi aliyojaza mkuu wa kaya. Hadi 1901 unasoma daftari alilonakili karani, na zile karatasi zenyewe ziliharibiwa. Makosa ya kunakili ni mengi. Ya 1841 ndiyo ya kuogopa zaidi: umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano ya chini, kwa hiyo mtu wa miaka 29 anasomeka 25, na haisemi nani ni mtoto wa nani. Kuanzia 1851 ndipo unapata uhusiano na mkuu wa kaya, na parokia aliyozaliwa. Hiyo parokia ishike sana. Umri watu walidanganya au hawakuujua, ila kwao walikozaliwa wengi walikutaja vile vile kila miaka kumi.

Kazi inasaidia, lakini usiitegemee peke yake kama mimi. Bethnal Green na Shoreditch zilijaa watu wa mbao, na mtu huyo huyo anaweza kuwa seremala sensa hii, fundi samani ijayo, mpiga vanishi ile nyingine. Angalia na kazi ya mke. Kwangu, mke wa fundi wa kweli aliandikwa mshona ngozi za juu za viatu. Kazi ile wanawake waliifanya nyumbani, mume akaja kuunganisha soli. Pale niliona karakana yote iko chumbani. Ikiwa fundi alikuwa na vijana wake, sensa za kuanzia 1851 wakati mwingine zinataja ameajiri wangapi. Wangu hakuajiri mtu.

Kilichonitoa gizani ni cheti cha ndoa cha binti. Vyeti vya ndoa vya Uingereza na Wales tangu Julai 1837 vinaandika jina la baba wa bwana harusi na wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Mama mkwe alikuwa na jina la huyo binti. Baba, fundi viatu. Nikamtafuta binti na mumewe sensa ya 1881, nikamkuta mzee anaishi nao, mjane. Kisha cheti cha kifo: aliyetoa taarifa ni binti, anuani ni nyumba ile ile. Hapo ndipo nilipoamini. Fahirisi ya zamani ya vifo inaonyesha umri kuanzia 1866 tu, na imepangwa kwa robo mwaka ya kuandikishwa, kwa hiyo aliyefariki mwisho wa Desemba mtafute na kwenye robo ya Machi.

Kuhusu daftari la maziko lenyewe. Ya makanisa, tangu 1813, yana fomu iliyochapwa: jina, makazi, tarehe ya kuzikwa, umri, na kasisi aliyezika. Kazi hamna, mke hamna. Lakini viwanja vya makanisa London vilijaa kupita kiasi, na sheria ya 1852 ikafungua njia ya kuvifunga, kwa hiyo seremala wako huenda yuko kwenye makaburi ya kampuni binafsi: Highgate, Abney Park, Nunhead, au Tower Hamlets yaliyofunguliwa 1841. Kuko huko tafuta namba ya kaburi, halafu uulize nani wengine wana namba hiyo. Wakiwa na jina lake, umepata familia. Wakiwa wageni watupu, ni kaburi la pamoja, maskini walizikwa mmoja juu ya mwingine bila jiwe. Makazi yakiwa ni nyumba ya maskini, usikate tamaa wala usione aibu. Mafundi wengi mikono ikichoka waliishia humo.

Na usishangae tarehe. Sisi tumezoea mtu anafariki asubuhi anazikwa alasiri. Kule maiti ingeweza kukaa nyumbani wiki nzima hadi pesa za mazishi zipatikane, tena mara nyingi ndani ya chumba hicho hicho wanacholala.

Wangu yuko Tower Hamlets, kaburi la pamoja, na watu asiowajua. Tulikwenda na mama mkwe. Ni msitu sasa, maziko yalisimama 1966. Alitafuta jiwe kwa dakika kumi nzima ingawa nilishamwambia halipo.

Weka hapa parokia walizozaliwa hao maseremala wawili, na majina ya watoto wao kwa mfuatano wa umri. Nitaanza na yule mzee zaidi, nione kama nampata makaburini.