Mito ya Nikaragua inaelekea wapi?

Ndugu, umeuliza kwa nini mito mikubwa ya Nikaragua inakwenda Karibi wakati Pasifiki iko karibu na miji yake mingi. Sababu ni milima. Nyanda za juu za kati zimeinamia mashariki, kwa hiyo Coco (Wamiskito wanauita Wangki), Prinzapolka, Río Grande de Matagalpa na Escondido yote inaishia Karibi. Coco una urefu wa zaidi ya kilomita 600, na sehemu kubwa yake ndiyo mpaka na Honduras. Upande wa Pasifiki mito ni mifupi. Wa kutajwa ni Estero Real, unaoingia Ghuba ya Fonseca.

Kichekesho kiko kwenye Ziwa Nikaragua. Pale Rivas, ziwa na Pasifiki vimetenganishwa na ukanda wa nchi kavu wa kilomita 20 hivi tu, lakini maji yanageuka na kushuka kwa mto San Juan, karibu kilomita 200, hadi Karibi. Papa wa baharini hupanda mto huo mpaka ziwani! Ziwa Managua nalo likijaa humwagia humo kupitia mto Tipitapa.

San Juan ni wa Nikaragua, ingawa ukingo wa kusini kwa sehemu kubwa ni wa Kosta Rika. Mkataba wa 1858 uliwapa Wakostarika haki ya kupitisha vyombo vya biashara, na mwaka 2009 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaithibitisha.