Michuzi mitatu, ladha moja

SWALI: Tuliagiza kuku wa siagi, korma ya kondoo na panir (jibini la Kihindi) ya mchuzi kwenye mkahawa wa Kihindi. Rangi zilitofautiana, ladha ilikuwa ile ile, na ulimi ukabaki na ungaunga wa viungo. Naan, ile mikate bapa, nazo zilikuja ngumu kama soli ya kiatu. Ndivyo vyakula hivi vilivyo?

JIBU: Sivyo, ila msimlaumu mpishi kwa kosa lisilo lake. Migahawa mingi ya Kihindi huandaa mapema sufuria kubwa ya mchuzi wa msingi: vitunguu maji kwa wingi, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya na manjano, vikachemshwa hadi vikalainika, kisha vikasagwa. Huo si ujanja. Bila sufuria hiyo mngesubiri chakula hadi usiku wa manane.

Kazi yenyewe iko kwenye kikaango, dakika tano hadi kumi za mwisho. Hapo ndipo kuku wa siagi hupata nyanya zaidi, siagi, krimu na majani makavu ya uwatu yaliyofikichwa. Korma nayo hupata mtindi, korosho au lozi zilizosagwa, na iliki. Mpishi akimimina mchuzi wa msingi na kuukorogea krimu tu, mtakula mlichokula.

Ungaunga una sababu yake: viungo havikukaangwa. Dania na binzari nyembamba hufunguka ndani ya mafuta ya moto, si ndani ya maji. Hutiwa kwenye mafuta, moto wa wastani, kwa nusu dakika hivi. Huongezwa maji kijiko kimoja visiungue, kisha hukorogwa hadi mafuta yajitenge na kung'aa pembeni. Ladha ya vumbi maana yake hatua hiyo imerukwa. Ladha chungu maana yake viliungua, na hapo hata krimu lita nzima haiokoi kitu.

Naan igeuzeni kabla ya kuilaumu. Tanuri la tandoor hufika nyuzi 400 za Selsiasi na zaidi, na mkate huiva kwa dakika moja au mbili: malengelenge yenye madoa meusi juu, ndani laini. Ikiwa imepauka na kukauka kote, iliokwa kwa moto hafifu muda mrefu. Ikiwa ina madoa mazuri lakini ni ngumu, ilipoa ikisubiri michuzi. Mwambieni mhudumu azilete mwisho.

SWALI: Biriani niliyoletewa ilikuwa wali uliochanganywa na mchuzi. Naweza kuirudisha?

JIBU: Rudisha, lakini baada ya tonge mbili, si sahani ikibaki nusu. Mchele wa biriani huchemshwa uive kiasi, ukapangwa juu ya nyama, chungu kikazibwa kwa unga uliokandwa na kuachwa kwenye moto mdogo dakika 20 hadi 25. Kwa hiyo punje nyeupe hukaa kando ya punje za zafarani. Zikiwa zote rangi moja, na kila punje imelowa, huo ni wali uliochanganywa na mchuzi. Taja kosa hilo hilo. "Chakula kibaya" haimsaidii mpishi.

SWALI: Na wali ukija vuguvugu, niombe upashwe moto?

JIBU: Omba mwingine. Wali uliokaa saa nyingi nje ya friji unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo haiharibiwi na moto wa kupasha.